Bweni, Shamba na Kengele: Maisha ya Pamoja katika Shule ya Wavulana ya Kikatoliki

Shule ya msingi ya wavulana inayoendeshwa na Kanisa Katoliki huwa na watu wengi kuliko wanaoonekana darasani. Wamo wanafunzi na walimu, wamo padri au bruda mlezi, masista, mpishi, mlinzi, mchunga ng'ombe wa shule, katekista wa kigango cha jirani, na wazazi ambao aghalabu wako mbali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulieleza kuwa shule ya Kikatoliki hutafuta malengo ya elimu yale yale yanayotafutwa na shule nyingine, na kwamba kinachoipa sura yake ni maisha ya pamoja yenye roho ya Injili, ya uhuru na upendo. Mtaguso ulilisema hilo kwa maneno machache. Utekelezaji wake, kuanzia kengele ya alfajiri hadi taa za bweni zinapozimwa, una mengi ya kueleza.

Nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, zinafaa kutazamwa kwa jambo hili. Eneo la Endagikot, kwa mfano, liko pembeni mwa mji wa Mbulu, katika uwanda ulioinuka ambako miezi ya Juni na Julai huja na baridi kali na ukungu wa asubuhi. Mji huo ndio makao ya Jimbo Katoliki la Mbulu. Kwa upande wa kusini iko wilaya ya Hanang na mlima wake unaozidi mita 3,400. Eneo hili lina jambo ambalo ni adimu barani Afrika: makundi makubwa manne ya lugha yanakutana hapa. Wairaqw na Wagorowa husema lugha za Kikushi, Wadatoga wana lugha ya Kiniloti, Wanyiramba na Wanyaturu ni Wabantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yao yenye sauti za vidoko. Ukiwaweka watoto wa jamii hizo kwenye bweni moja, hakuna anayeweza kumwomba mwenzake wa kundi jingine maji kwa lugha ya nyumbani na kueleweka. Kiswahili kilikuwa hitaji la bwalo na kisima kabla hakijawa somo la darasani, na mtoto alijikuta ndugu wa watu ambao wazee wake huenda waliwahi kupigana nao kwa sababu ya ng'ombe na malisho.

Injili ililetwa katika wilaya ya Mbulu kwanza na Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadri Weupe. Baadaye kazi ikachukuliwa na Wapalotini kutoka Ireland. Mwaka 1943 Mbulu ilifanywa Prefektura ya Kitume, na mwaka 1953 ikawa jimbo kamili, askofu wake wa kwanza akiwa Patrick Winters, Mpalotini. Shirika la Wapalotini lilianzishwa Roma mwaka 1835 na Padri Vinsenti Pallotti, ambaye alitangazwa mtakatifu mwaka 1963. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba kila mbatizwa ni mtume, awe padri, mama wa nyumbani au mkulima. Fundisho hilo liliingia vizuri kwenye nchi yenye mapadri wachache na milima mingi. Mzigo wa shule ulibebwa zaidi na walei: makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, na walimu vijana waliokuwa wamesoma madarasa machache tu zaidi ya wanafunzi wao.

Shule za mwanzo zilikuwa kibanda na ubao. Katekista alifundisha sala, kusoma, kuandika na hesabu kidogo, na aliyehitimu alibatizwa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti yake, na hapo Kanisa likalazimika kuamua uzito wa shule katika kazi yake. Mwaka 1928 Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa aliyetumwa kutazama shule za misheni katika makoloni ya Waingereza barani Afrika, alikutana Dar es Salaam na wakuu wa misheni akawataka washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote. Pale ambapo nguvu hazikutosha kwa kanisa na shule kwa pamoja, alisema, shule itangulie. Ushauri huo ulibadilisha mambo Tanganyika nzima. Fedha na watu vilielekezwa madarasani, na vibanda vya makatekista vikaanza kugawanyika: vingine vikabaki vya mafundisho ya dini, vingine vikawa shule za kweli za madarasa manne. Waliofaulu waliendelea na shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, na shule hiyo mara nyingi ilikuwa ya bweni.

Wavulana walitangulia. Misheni ilihitaji makatekista, walimu na waseminari, serikali ilihitaji makarani, na wazazi walikuwa na hesabu zao wenyewe. Katika nyumba ya Mwiraqw au Mdatoga mvulana ndiye mchungaji, na kumpeleka shule ni kupoteza mkono wa kazi. Baba mwenye wana watatu aliamua ni yupi aende na ni nani wabaki na ng'ombe, na si kila mara aliyeteuliwa alikuwa mwerevu kuliko ndugu zake. Binti, kwa upande wake, alihesabiwa kuwa wa kuolewa. Uamuzi huo wa kuwatanguliza wavulana uliwagharimu wasichana kizazi kizima au zaidi, na hakuna sifa ya shule hizo inayoweza kuifuta gharama hiyo. Hata hivyo ndani ya uzio wa wavulana peke yao kulitokea jambo ambalo halikukusudiwa na mtu. Mahali pasipo na dada wala mama, maji huchotwa na nani?

Huchotwa na wavulana. Hapo ndipo penye kiini cha maisha ya shule ya aina hii. Kengele hulia kukiwa bado giza. Vitanda hutandikwa, kisha kila kundi huenda kwenye zamu yake: wengine kufagia uwanja, wengine kudeki bweni, wengine kusafisha vyoo, wengine kujaza mapipa ya jikoni. Zamu hubandikwa ukutani na hubadilika kila wiki, hivyo mtoto wa diwani na mtoto wa mkulima asiye na ng'ombe hata mmoja hukutana na fagio lile lile la chooni. Baada ya kazi huja sala au Misa, uji, kisha mstarini, ambapo mwalimu wa zamu hukagua kucha, kola na vifungo. Saa sita mchana kengele hulia tena kwa sala ya Malaika wa Bwana, na popote mvulana alipo, awe na jembe au na mpira, husimama. Jioni huwa na michezo, kuoga, chakula, na prepo, yaani kujisomea usiku kwa ukimya chini ya usimamizi.

Mvulana aliyelelewa hivyo kwa miaka kadhaa hufua nguo zake, hushona kifungo, huosha vyombo na kumwuguza mwenzake mwenye malaria bila kuona kuwa ameshushwa hadhi. Katika jamii ambazo kazi za maji, jiko na usafi zilikuwa za wanawake, hilo lilikuwa badiliko kubwa. Pengine ndilo lenye thamani kuliko yote yaliyoletwa na mabweni ya wavulana, ingawa halikuandikwa kwenye muhtasari wa masomo na halikutahiniwa.

Shamba lilikuwa upande wa pili wa maisha hayo. Shule za Mbulu zililima mahindi na maharage, na penye ardhi ya kutosha zikapanda ngano na mboga. Siku hizi wilaya inasifika pia kwa vitunguu swaumu. Ng'ombe wa shule walitoa maziwa ya uji. Makande ya jioni yalitoka kwenye mahindi ambayo wavulana wenyewe waliyapalilia, na mwaka wa ukame walijua mapema kuwa stoo itakauka. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka kila shule iwe jumuiya inayojilisha kwa kiasi fulani kwa kazi ya mikono yake. Shule nyingi za misheni ziliona kuwa zilikuwa zimekwisha kuianza safari hiyo. Lakini waraka ulidai jambo jingine ambalo shule hizo hazikulizoea, nalo ni wanafunzi kushirikishwa katika kuamua shamba lilimweje na mapato yatumikeje. Kazi bila sauti katika maamuzi, kwa maelezo ya Nyerere, haimfundishi mtu kujitegemea. Shule iliyowapa wavulana jembe lakini ikawaficha daftari la mapato ilikuwa imefanya nusu ya malezi, na ukosoaji huo una haki hata leo.

Uongozi wa wanafunzi hupitia kwa viranja, na juu yao kaka mkuu. Kila bweni lina kiranja wake, na mabweni hupewa majina ya watakatifu. Karoli Lwanga na Kizito ni miongoni mwa majina yanayopendwa sana Afrika Mashariki, kwa sababu nzuri. Lwanga alikuwa mkuu wa vijana wahudumu katika kasri la Kabaka Mwanga wa Buganda. Wavulana wadogo waliokuwa chini yake walitakwa na mfalme kwa mambo yasiyofaa, naye akawakinga akijua hatari yake. Aliuawa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, siku aliyouawa pia Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14, ambaye Lwanga mwenyewe alikuwa amembatiza siku chache kabla. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu pamoja na wenzao tarehe 18 Oktoba 1964. Kiranja anayelala chini ya jina la Lwanga anaambiwa waziwazi kazi yake ni ipi: mkubwa yupo kwa ajili ya usalama wa mdogo. Fundisho hilo ni zito, kwa kuwa bweni la wavulana lina hatari zake, na uonevu wa wakubwa dhidi ya wageni wa darasa dogo ni tatizo la kale katika shule za bweni dunia nzima. Kunyang'anywa sukari, kufulishwa nguo za wengine na kutishwa usiku vimewafanya watoto wengi kutoroka shule. Bweni ambalo mlezi hulizungukia usiku na ambalo kiranja hubadilishwa mara anapoonekana kuwa mtesaji, huwa na watoro wachache.

Nidhamu ya zamani iliegemea sana kiboko, na katika hilo shule za misheni hazikutofautiana na za serikali. Kanuni za serikali za adhabu hiyo zilizotolewa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na kila adhabu kuandikwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeongeza ulinzi wa mtoto kwa ujumla. Ndani ya Kanisa kuna njia nyingine iliyokwisha kujaribiwa. Padri Yohane Bosco wa Torino, Italia, aliyefariki mwaka 1888, alilea maelfu ya wavulana wa mtaani kwa utaratibu alioujenga juu ya hoja, dini na upendo: mlezi akae na watoto uwanjani, awajue kwa majina, azuie kosa kabla halijatendeka. Wasalesiani wake wamefanya kazi Tanzania tangu mwaka 1980. Utaratibu huo unataka watu wengi na muda mwingi kuliko kiboko, na ndiyo maana shule yenye walimu wachache huuona mgumu. Sakramenti ya Kitubio nayo ina nafasi yake katika malezi, kwa sababu inamzoeza mtoto kutaja kosa lake mwenyewe bila kushikwa.

Ukarimu hufundishwa kwa vitu vidogo. Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, limeenea katika parokia na shule za Tanzania, na lengo lake ni watoto kuwasaidia watoto wenzao kwa sala na kwa sarafu chache. Wakati wa Kwaresima wavulana huweka akiba ya kile walichojinyima, hata kama ni karanga, na kila Ijumaa hufanya Njia ya Msalaba. Mwezi Mei na Oktoba husali Rozari. Wako watumishi wa altare, wako wanakwaya, na wako wanaoandaliwa kwa Komunyo ya Kwanza au Kipaimara. Wasio Wakatoliki nao wapo, kwani Mbulu na Hanang zina Walutheri wengi, na watoto wa familia zinazoshika dini za jadi hawakosekani. Shule iliyo makini huwapa nafasi ya ibada yao na haiwalazimishi kubatizwa. Iliyowahi kulazimisha ilipata majina mengi kwenye daftari la ubatizo, na baadaye waamini wachache.

Maadili ya kuishi pamoja na kusaidiana hayakuwakuta Wairaqw wakiwa mikono mitupu. Wana mikutano ya wazee inayosikiliza kila upande kabla ya kuamua. Majirani husaidiana kulima, na mwenye ng'ombe wengi huwaazima wasio nao, ili maziwa na mbolea vifike nyumba nyingi. Wana pia slufay, baraka ndefu ya kishairi ambayo mzee huitoa na waliokusanyika humwitikia kila sentensi. Mvulana aliyekulia katika maitikio hayo aliingia kanisani akakuta litania, naye hakuhitaji kufundishwa jinsi umati unavyosali kwa sauti moja.

Penginepo pande hizo mbili ziligongana. Desturi ya zamani ya Wairaqw iliitenga kwa muda nyumba iliyopatwa na msiba, ili nuksi isisambae kwa majirani na mifugo. Kanisa huhesabu kuzika wafu na kufariji wenye huzuni miongoni mwa matendo ya huruma, na linamtaka Mkristo aende pale pale ambapo desturi ilimzuia. Mtoto wa shule alisimama katikati. Kumkejeli mzee wake hakukuwa na faida, na kukaa mbali na mfiwa kulipingana na alichofundishwa. Wairaqw Wakristo walilimaliza suala hilo polepole na wenyewe kwa wenyewe, na leo mazishi yanayojaza watu ni jambo la kawaida Mbulu. Katekista aliyejua mila alikuwa na mchango mkubwa hapo kuliko padri aliyetoka ng'ambo.

Michezo hutunza jumuiya kwa namna yake. Wavulana wa nyanda hizi hukimbia tangu utotoni, wakifuata ng'ombe au wakiwahi kengele, na Mbulu na majirani zake wametoa wanariadha wengi wa Tanzania. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji na kuendelea hadi mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mashindano ya UMITASHUMTA huwapa watoto wa shule za msingi nafasi ya kuonekana hadi ngazi ya taifa, na kwa shule ya bweni ni siku adimu za kukutana na shule nyingine. Akhwari hutajwa sana mstarini, kwa kuwa mtoto wa mwisho darasani anahitaji shujaa wa aina yake kuliko anavyohitaji bingwa.

Mpangilio wote huu ulitikiswa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Shule za mashirika zilizokuwa zikipata ruzuku ziliwekwa mikononi mwa serikali, na katika nchi iliyotaka kuondoa ubaguzi wa dini katika nafasi za shule, hoja ya hatua hiyo ilikuwa na nguvu. Kanisa lilibaki na kipindi cha dini. Mwaka 1977 ulipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, shule ya kutwa ya kijijini, wavulana na wasichana pamoja, ikawa ndiyo kawaida. Wasichana walipata nafasi waliyokuwa wamenyimwa, na hilo ni jema lisilo na mjadala. Mabweni ya wavulana wa msingi yakapungua, na malezi ya aina iliyoelezwa hapa yakabaki zaidi katika seminari ndogo, ambazo hazikutaifishwa. Ya Mbulu iko Sanu, hapo hapo mjini. Sheria ya elimu iliporekebishwa mwaka 1995 na milango ya shule binafsi kufunguliwa wazi, majimbo na mashirika ya kitawa yalirudi katika elimu ya msingi. Shule nyingi mpya ni za mchanganyiko na hufundisha kwa Kiingereza. Ada zake zinawashinda wakulima wengi, na shule ya Kikatoliki isiyofikiwa na mtoto wa katekista inapaswa kujiuliza imeanzishwa kwa ajili ya nani.

Suala la bweni kwa watoto wadogo limepata jibu la serikali. Kuanzia tarehe 1 Machi 2023 huduma ya bweni ilizuiwa kwa elimu ya awali na darasa la kwanza hadi la nne, ili watoto hao wakae na familia zao. Bweni huanza darasa la tano. Kwa shule za Kanisa hatua hiyo inakaribiana na fundisho lao wenyewe kwamba mzazi ndiye mlezi wa kwanza, na imewarudisha wazazi kwenye kazi ambayo baadhi walikuwa wameikabidhi yote kwa masista na matroni. Wazazi huitwa kwenye vikao vya shule na kwenye sikukuu ya somo wa shule, ambapo Misa hufuatwa na chakula, michezo ya kuigiza na hesabu za michango. Wakati wa likizo mvulana hurudi kwenye jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ya kwao, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliuwekea mkazo katika mkutano wao wa mwaka 1976, na huko husali nyumba kwa nyumba na majirani. Kwa walioko seminari, paroko huandika barua ya mwenendo: kama alihudhuria jumuiya, kama alisaidia kazi za nyumbani, na aliishije na watu wa kijijini. Barua hiyo hufungwa na kupelekwa kwa gambera, yaani mkuu wa seminari, siku ya kufungua shule.